Fensi ya miti juu ya mabomba na nyaya: nini hasa cha kuogopa?

Mvua za Novemba zikianza kulainisha udongo, wauza miche mjini Mbeya huanza kupata wateja wa fensi. Hesabu ya wateja hao inaeleweka. Ukuta wa tofali unakula fedha ya kujengea chumba kizima, wakati michongoma au duranta, ukiitunza, ndani ya miaka mitatu minne inakupa ua mzito ambao hata kuku hapenyi. Huku kwetu nyanda za juu kusini, mche ukipandwa mwanzoni mwa kifuku unapata miezi ya kutosha ya mvua kabla ya baridi na vumbi la Juni. Fensi ya miti ni uamuzi mzuri, na mimi naipenda kuliko ukuta.

Shida iko mahali inapopandwa. Fensi huwekwa mpakani, na mpakani ndiko kila mtu hupitisha vitu vyake. Bomba la mamlaka ya maji linatembea kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye bikoni zako. Jirani wa juu, ambaye hakuwa na njia nyingine, aliomba ruhusa akapitisha bomba lake pembeni mwa kiwanja. Waya wa umeme unashuka kwenye nguzo, unazama ardhini, unakatiza mpaka na kuibukia ukutani kwako. Karo la maji taka nalo limewekwa pembeni ili gari la kunyonya lifike. Anayechimba mtaro wa fensi kuzunguka kiwanja chote, kwa vyovyote vile, anakatiza njia ya kila kitu kinachoingia na kutoka nyumbani kwake.

Onyo linalosikika zaidi ni lile la kwamba usipande mti karibu na bomba kwa sababu mizizi italipasua. Lina ukweli ndani yake, lakini linachanganya mambo matatu ambayo kila moja lina dawa yake. La kwanza ni jembe, siku ile ya kuchimba. La pili ni mizizi, miaka kadhaa baadaye. La tatu halisemwi kabisa, nalo ni kwamba kila kilichofukiwa kitahitaji kufukuliwa tena siku moja. Bomba litavuja, waya utaungua, mamlaka itataka kuweka bomba kubwa zaidi. Siku hiyo fundi atakuja na sururu, na fensi uliyoilea miaka minane itakuwa imesimama kwenye njia yake. Mtu anayeogopa mizizi peke yake anaweza kuchagua mti mpole kuliko yote, kisha akakata waya kabla hajafukia mche wa kwanza.

Kukatiza na kwenda sambamba

Kabla ya kuuliza upande mti gani, jiulize kama kilichoko chini kinakatiza fensi yako au kinakwenda nayo sambamba. Swali hili linaondoa zaidi ya nusu ya mkanganyiko.

Bomba linalotoka barabarani na kuingia ndani linakatiza fensi mahali pamoja tu. Hapo huna haja ya kuhamisha chochote. Unaacha pengo la mita moja, nusu mita kila upande wa bomba, na pengo hilo unaliziba kwa wavu na nguzo mbili, au unalifanya geti dogo la miguu. Matawi ya miche ya pembeni yataziba mengine yenyewe baada ya muda. Hasara yake ni miche mitatu au minne.

Bomba linalotembea chini ya mpaka mita 30 kwa urefu ni habari nyingine. Hilo usilipandie juu hata kama mti wako una mizizi mifupi, maana siku ya kulifukua hakutabaki fensi. Sogeza mstari mzima wa miche ndani ya kiwanja. Wengi wanaona uchungu kupoteza upana wa mita moja, nami nawaelewa, kwa kuwa viwanja vyetu si vikubwa. Lakini ardhi hiyo huipotezi. Pale juu ya bomba unaweza kuotesha nyasi, mchicha, maua ya msimu au chochote kinachong'oka kwa mkono. Unachojinyima ni mti tu.

Wapo pia wanaokwepa mabomba ya ndani kwa kupanda fensi nje ya bikoni, upande wa barabara. Huko ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi inafika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara tangu sheria ya mwaka 2007. Mitaa ya ndani ina upana wake kwa mujibu wa ramani ya mipango miji. Hifadhi hiyo ndiyo njia rasmi ya mabomba na nyaya, kwa hiyo ukipanda huko umezifuata nyaya nyumbani kwao, na fensi ikifyekwa usitegemee fidia.

Maji safi

Bomba linaloingia nyumba nyingi siku hizi ni lile jeusi la plastiki lenye mstari wa bluu, linalouzwa kwa roli. Uzuri wake ni kwamba halina maunganisho mengi. Mzizi hauwezi kutoboa plastiki nzima, na maji ya ndani yanasukuma kwenda nje, kwa hiyo hakuna pa kuingilia. Likipita mita moja kutoka kwenye fensi ya vichaka, mizizi si ya kukunyima usingizi.

Mzizi unakuja pale palipokwisha kuharibika. Bomba lilikatwa na jembe, mwenye nyumba akalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa waya, akafukia. Mpira ule hauzibi kabisa. Unatoa matone usiku na mchana, na udongo wa hapo haukauki. Mzizi haunusi maji kutoka mbali kama watu wanavyodhani. Unakua kila upande kwa kubahatisha, lakini tawi lake linapokuta unyevu linazaa vijitawi vingi, na yale yaliyokuta ukavu yanadumaa. Baada ya misimu michache pale kwenye tyubu pana shada la mizizi, nayo inaponenepa inalisukuma bomba na kuupanua ule ufa wa zamani. Anayekuja kufukua anaona mizizi imelikumbatia bomba na kusema mti ndio mkosaji, wakati kilichouleta ni ile tyubu.

Hapa hali ya hewa ina neno lake. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wake una unyevu karibu wakati wote. Mzizi wa huko hauna sababu ya kung'ang'ania bomba linalovuja. Iringa mjini mvua ni kidogo zaidi kwa mbali, na kuanzia Mei hadi Novemba ardhi inakauka kabisa. Katika kiangazi cha miezi sita, kiungo kinachotoa matone pale Kihesa au Mtwivila ndicho kisima pekee cha mti huo. Kwa hiyo mti uleule, bomba lilelile, unaweza kuwa mpole Tukuyu na msumbufu Iringa.

Mteremko nao usipuuzwe. Mbeya imekaa miguuni mwa mlima Loleza, na maji yanashuka. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza mgandamizo wa takriban bar moja, hivyo nyumba iliyo mita 50 chini ya tangi, kama hakuna kipunguza mgandamizo njiani, ina bar tano kwenye bomba. Ukilitoboa kwa ncha ya sururu, maji hayatiririki, yanaruka, na kwa udongo wetu mwepesi wa majivu ya volkano yanachimba shimo chini ya miguu yako ukiwa bado unatafuta simu.

Udongo huo mwepesi una jambo jingine. Unasombwa. Bomba lililofukiwa sentimita 60 wakati nyumba inajengwa linaweza leo kuwa na sentimita 20 tu za udongo juu yake, hasa pembeni mwa barabara ya vumbi ambayo greda imeikwangua kila mwaka. Kina ulichoambiwa na fundi miaka kumi iliyopita ni habari ya miaka kumi iliyopita.

Umeme

Kwa umeme mizizi karibu haina kesi. Waya wa ardhini uliowekwa vizuri una ganda gumu la plastiki na nyaya za chuma zilizouzunguka, na hautoi unyevu wowote wa kuvuta mizizi. Hofu yote iko kwenye jembe, na hii ndiyo sehemu ya makala hii ningependa isomwe mara mbili.

Wengi wakitaka kuchimba karibu na waya wanazima swichi kubwa, wanaona taa zimezimika, wanaanza kazi. Wengine wanasubiri siku ambayo uniti za Luku zimekwisha, wakiamini sasa hakuna umeme. Luku na swichi kubwa zinakata umeme unaokwenda mbele yao, yaani ndani ya nyumba. Waya unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye Luku uko nyuma yao. Kama Luku yako iko ukutani na waya wake umepita ardhini chini ya mpaka, waya ule una volti 230 wakati wote, uwe na uniti au usiwe nazo, swichi iwe juu au chini. Hakuna kitu ndani ya nyumba yako kinachoweza kuuzima. Wa kuuzima ni TANESCO, kule kwenye nguzo.

Sururu au mtaimbo ukitoboa waya huo, chuma kinaunganisha waya wenye umeme na zile nyaya za nje zilizokwenda ardhini. Inapiga shoti papo hapo. Mara nyingi kinachojeruhi kwanza ni mwali wa shoti yenyewe, unaounguza uso na mikono, kabla hata umeme haujapita mwilini. Udongo uliolowa mvua na miguu isiyo na viatu vinaongeza hatari.

Halafu kuna nyaya ambazo hakuna mtaalamu aliyezikagua. Taa za getini, kengele, pampu ya kisima, banda la kuku la kijana wa kwanza. Hizi mara nyingi ni waya wa kawaida wa ndani ya nyumba uliosukumwa kwenye bomba jembamba la PVC na kufukiwa kiganja kimoja chini ya nyasi. Waya wa aina hiyo hata jembe la kupalilia linaufikia. Wazo langu ni kwamba kabla ya kupanda fensi, nyaya hizi zitolewe na kuwekwa upya: kina cha sentimita 60, mchanga laini chini na juu yake, tofali au vigae juu ya mchanga, kisha utepe wa tahadhari kabla udongo haujafika juu. Anayechimba baadaye anakutana na utepe kwanza, tofali pili, na kufikia hapo ameshajua.

Na kabla hatujaondoka kwenye umeme, inua macho. Msaiprasi uliopandwa kukwepa waya wa chini unaweza kuwa umeuweka sawasawa chini ya waya wa juu.

Simu, na bomba la mafuta

Nyaya za intaneti za nyuzi za kioo hazina umeme wa kukudhuru. Ni nyembamba, na panga moja linatosha kuzima mtaa mzima. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma, na mahali ulipofukiwa kuna vigingi vya zege vilivyoandikwa. Kigingi cha namna hiyo kikiwa karibu na mpaka wako, usikihamishe wala kukifunika kwa fensi. Wasiliana na wenyewe kabla ya kuchimba.

Wenzetu walioko karibu na njia ya bomba la mafuta la TAZAMA wana jambo zito zaidi. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,710, kutoka Kigamboni hadi Ndola nchini Zambia, na limekuwa kazini tangu 1968. Limepita mikoa yetu, na lina vituo vya kusukuma mafuta Iringa na Mbeya. Kwa miongo mingi lilibeba mafuta ghafi, sasa linabeba dizeli. Njia yake ina upana uliotengwa, na ndani ya upana huo hakupandwi fensi, mti, wala mgomba. Wakaguzi wanahitaji kuona ardhi, na mizizi mikubwa inaweza kukwangua ganda linalolinda chuma kisile kutu. Hapa hakuna hesabu ya umbali ya kufanya mwenyewe, waulize TAZAMA. Kwa gesi asilia hakuna wasiwasi, kwani mabomba ya gesi kutoka Mtwara hayajafika huku.

Maji taka, ambako mizizi ina kesi kweli

Bomba la maji taka halina mgandamizo. Maji yanapita yakijaza sehemu tu ya bomba, na muda mwingi ndani kuna hewa, joto na unyevu wenye mbolea. Mzizi hautamani kitu kingine. Na tofauti na bomba la maji safi, hakuna kinachousukuma nje.

Mlango wake ni maunganisho. Kwenye nyumba za zamani, kama zile za Forest mjini Mbeya au Gangilonga mjini Iringa, utakuta bado mabomba ya saruji yaliyounganishwa kwa chokaa ya simenti, ambayo imepasuka siku nyingi. Kwenye nyumba mpya ni PVC ya inchi nne, nzuri kabisa kama imeunganishwa vizuri. Lakini wapo mafundi wanaosukuma bomba moja ndani ya jingine bila gundi, wakitegemea udongo uyashike. Mzizi mwembamba kama uzi unapita hapo. Ukishaingia unajigawa, unanasa karatasi na mafuta ya jikoni, na maji yanaanza kurudi bafuni.

Niliwahi kusimama kwenye chemba moja Gangilonga wakati fundi akivuta alichokikuta. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshikilia kwamba wajukuu wametupa nguo chooni.

"Mama, siyo nguo," fundi akamwambia, akiwa ameinama. "Njoo uone."

Kilichotoka kilikuwa kirefu kuliko mkono wake, cheusi, laini, kimechukua umbo la duara la bomba lenyewe, kama mkia wa farasi uliolowa. Mwanzo wake ulikuwa uzi mmoja uliopita kwenye kiungo. Mti wenyewe, mfikasi uliokatwa vizuri kwa umbo la ua, ulikuwa upande wa pili wa banda la gari.

"Huo mbona uko mbali, baba?"

"Kwa juu uko mbali, mama. Chini umeshafika."

Fundi yule alisema kweli. Mizizi mingi ya miti inakaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo, kwa sababu inahitaji hewa, lakini kwa upana inaweza kwenda mara mbili au tatu ya upana wa matawi. Na mtaro wa bomba unaisaidia. Udongo uliochimbwa na kurudishwa ni laini kuliko ule wa kando ambao haujaguswa, kwa hiyo mzizi ukiufikia mtaro unaufuata kama njia, sambamba na bomba, mpaka utakapokutana na kiungo kibovu. Ndiyo maana napendekeza mtaro wa bomba ushindiliwe kwa tabaka wakati wa kufukia. Wengi wanarudisha udongo wote kwa mkupuo na kuacha mvua imalizie.

Basi upande nini?

Mikaratusi sitaki kuiona ndani ya mita 10 za bomba lolote, na hata hizo ni chache. Mifikasi vilevile, hata ile inayouzwa kwenye kopo ikiwa mizuri na midogo. Hiyo haibaki midogo chini hata ukiikata kila mwezi juu.

Misaiprasi ndiyo fensi ya asili ya miji yetu ya baridi, kutoka Mafinga hadi Njombe na Mbeya. Mizizi yake si mikali kama ya mkaratusi, na mita tatu kutoka kwenye bomba la maji zinatosha kama unaikata kila mwaka. Kasoro yake ni nyingine. Msaiprasi ukikatwa hadi kwenye ubao mkavu hauchipui tena. Fundi akikata upande mmoja wa fensi ili apate nafasi ya kuchimba, upande huo utabaki wa kahawia daima. Waliokuwa na fensi hizo mwishoni mwa miaka ya 1980, wadudu waliponyonya misaiprasi ya nchi nzima, wanakumbuka jinsi pengo moja lilivyogeuka kuwa ishirini.

Michongoma na duranta ni kinyume chake. Ikatwe hadi kifundoni, mvua ikija inachipua. Kwa mpaka ambao unajua utafukuliwa siku moja, sifa hiyo naiona kubwa kuliko urefu wa mizizi. Mita moja kutoka kwenye maji safi, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye maji taka, na kazi imekwisha. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, kumbuka matunda ya njano ya duranta yana sumu.

Minyaa inafaa maeneo makavu, kama upande wa Ismani, na haina mizizi ya kutisha. Tatizo la minyaa ni upandaji wake. Watu wanatoboa ardhi kwa mtaimbo, wanachomeka kijiti, wanasogea hatua moja, wanatoboa tena, na mtaimbo ule unashuka nusu mita bila kuona chochote. Kwa mianzi ya ulanzi, usihofie kwamba itasambaa kiwanja kizima, kwa kuwa inakua kwa vishina. Lakini kishina kilichokomaa juu ya bomba haking'oki kwa jembe, kwa hiyo kipe mita tatu au nne.

Kutafuta vilivyofukiwa

Anza na ncha, kwa sababu kila mstari wa chini una ncha mbili zinazoonekana. Dira ya maji na mahali bomba linapoingia ndani. Nguzo na Luku. Chemba na karo. Simama kwenye ncha moja ukiangalia nyingine, chomeka vijiti, funga kamba. Mafundi wanapenda kunyoosha, kwa hiyo kamba itakuwa karibu na ukweli, ingawa si ukweli wenyewe. Tafuta kona zilizokwepa mwamba, hasa Iringa ambako mawe makubwa yamejaa mjini.

Soma ardhi. Baada ya mvua kubwa za kwanza, mtaro uliofukiwa ovyo unatitia na kuonyesha mstari. Katikati ya Septemba, ukanda wa nyasi za kijani kwenye uwanja uliokauka unaonyesha bomba linalovuja, na hapo una habari mbili kwa mara moja.

Kisha uliza watu. Nenda ofisi ya mamlaka ya maji, Mbeya au Iringa, uombe fundi wa eneo lako aje akuonyeshe bomba lao. La kwao linaishia kwenye dira, baada ya dira ni lako. Nenda TANESCO kwa ajili ya waya. Lakini pia pita kwa mzee aliyekaa mtaani kabla yako. Pale Isyesye rafiki yangu mmoja alikuwa ameshafunga kamba yake yote alipokwenda kumsalimia jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona unapanda fensi."

"Ndiyo, mzee. Nilitaka kujua kama kuna kitu kimepita pale chini."

Mzee akanyoosha fimbo. "Bomba la wale wa juu limepita kwenye huo mparachichi wako. Tulichimba wenyewe, hapakuwa na nyumba hapa."

Bomba hilo halikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote.

Ukishapata mstari, thibitisha kwa shimo la kuchungulia, kila baada ya mita tano hivi. Shimo hilo linachimbwa kwa chepe, kwa tabaka nyembamba, bila kupiga kwa nguvu. Sururu na mtaimbo vikae mbali. Ukiona mchanga msafi, utepe, au tofali zilizopangwa mahali pasipo na msingi, acha chepe na utumie mkono wenye glavu. Chukua kipimo cha kila ulichokiona kutoka kwenye kona ya nyumba, piga picha, hifadhi. Na karibu na mistari hii usichimbe mtaro mmoja mrefu wa fensi. Chimba mashimo ya mche mmoja mmoja, sentimita 30 kwa 30, utie samadi. Mche hautaona tofauti.

Ikitokea umekata, inategemea umekata nini. Bomba baada ya dira: funga koki, kata kipande kilichoharibika, weka koplingi ya kukaza kwa mkono, na tyubu ibaki kwenye baiskeli. Bomba kabla ya dira: piga simu mamlaka mara moja, usilifunge mwenyewe, kwa kuwa tope lililoingia linakwenda kwa majirani. Waya wa umeme: achia kifaa pale pale kilipo, usikivute, sogea mbali kwa hatua fupi za kuburuza miguu, zuia watoto na mbwa, piga TANESCO. Hata kama hakuna cheche, hata kama taa za ndani bado zinawaka.

Kama fensi tayari iko juu ya bomba

Usiing'oe. Kuvuta kisiki kwa kamba na gari ndiyo njia ya haraka ya kulivunja bomba ambalo mizizi imelishika. Kata mti usawa wa ardhi na uache mizizi ioze. Msaiprasi utakufa wenyewe, michongoma na mikaratusi itachipua na utahitaji kuendelea kuikata. Mizizi ikioza ardhi itatitia kidogo, ongeza udongo.

Kwa bomba dogo la maji ni rahisi zaidi kuliacha lililopo, ulifunge, na kupitisha jipya mahali ambapo fensi inakatizwa mara moja tu. Hapo lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi lililotangulizwa chini ya mstari wa miche, likitokeza mita moja kila upande. Bomba la nusu inchi linapita vizuri ndani ya PVC ya inchi mbili, na likiharibika unalivuta kutoka upande mmoja na kusukuma jingine bila kugusa hata mche.